Taa hujibu pale ulipoifunga

Kijana akija kibandani kwangu Tandika akaniomba nimfundishe ufundi wa elektroniki, simwekei simu mezani. Namwekea mashine ya gemu ya zamani, ile ya kuchomeka kaseti, yenye kitufe cha kuwasha, kitufe cha kuanza upya na taa moja ndogo nyekundu. Wengi hununa. Wamekuja wakitaka kubadilisha vioo na kufungua simu zilizofungwa, maana ndiko pesa iliko. Mimi sibadiliki: kabla hujagusa simu ya mtu, nionyeshe unavyofunga swichi mbili na taa moja kwenye bodi, kisha uniambie taa hiyo ikiwaka inamaanisha nini.

Naandika kuomba jambo hilohilo lifanyike katika sekondari zetu za mkondo wa amali, katika vyuo vya VETA, na katika vibanda vyote ambako vijana wanajifunza mikononi mwa mafundi. Swichi na taa tunazifundisha harakaharaka, kana kwamba ni mapambo ya kumalizia kazi. Kumbe ndizo sehemu za mashine ambazo mwenye nayo huziona na kuzigusa kila siku. Mambo mengine yote yamefichwa ndani ya boksi, na anayajua kwa kuambiwa na ile taa. Ikiwa imefungwa ovyo, anadanganywa kila siku ndani ya nyumba yake.

Nianze na mashine zenyewe. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine yake ya Famicom Julai 1983, na mwaka 1985 ikaipeleka Marekani katika umbo jingine na kwa jina la NES. Huku kwetu zilizojaa zilikuwa nakala za Famicom, zile ambazo kaseti yake imeandikwa gemu maelfu na ukiifungua unakuta chache zinazojirudia. Waliokulia Uswahilini miaka ya 1990 wanakumbuka tulivyokuwa tukiipuliza kaseti isiposhika, tukiichomoa na kuichomeka tena mpaka picha itulie.

NES ya Marekani ilikuwa na kitu ambacho nakala zetu hazikuwa nacho. Ndani yake mlikuwa na chipu ya ulinzi iliyozungumza na chipu mwenzake iliyomo ndani ya kaseti, ili kaseti isiyo halali isicheze. Mazungumzo hayo yakikatika, chipu huirudisha mashine mwanzo karibu kila sekunde moja, na taa nyekundu hupepesa kwa mwendo huohuo. Mamilioni ya watu waliiona taa ile ikipepesa wakadhani mashine imekufa. Mara nyingi haikuwa imekufa. Soketi ya kaseti ina pini 72, na zikilegea au zikishika uchafu, chipu mbili hazisikilizani. Kwa fundi anayejua, kupepesa kule kulikuwa taarifa kamili: umeme umefika, chipu ya ulinzi inafanya kazi, tatizo liko kwenye mawasiliano ya kaseti. Alijua pa kuanzia kabla hajashika bisibisi.

Sasa fungua nakala zetu. Nyingi zilizopita mikononi mwangu zina taa iliyofungwa kwenye laini ya umeme kupitia rezista moja, basi. Kaseti iwepo isiwepo, prosesa iwe hai au imeungua, taa inang'aa vilevile. Taa hiyo inajibu swali moja tu, kama umeme umeingia kwenye boksi. Mtoto anayeitazama anaelewa jambo jingine kabisa, kwamba mashine yake ni nzima. Ndipo anapoanza kulaumu kaseti, padi, na hata runinga ya baba yake.

Kwenye gemu hasara ni ndogo. Kwingine si ndogo. Jirani yetu mmoja hapa mtaani, mama anayeuza samaki, aliamka akakuta mzigo wake wote umeharibika ndani ya friza. Taa ya kijani mlangoni ilikuwa inawaka usiku kucha, na alilala akiiamini. Nilipofungua nyuma nikaufuata waya wa ile taa, ukanipeleka kwenye nyaya za kuingizia umeme. Kompresa ilikuwa imesimama, na taa haikuwa na namna yoyote ya kulijua hilo, kwa sababu hakuna aliyeiunganisha na kompresa wala na kipima joto. Ilikuwa inamwambia kwamba TANESCO hawajakata. Yeye alitaka kujua kama samaki wake wanaganda.

Somo ninalotaka kila kijana alishike kabla ya masomo mengine yote ni kwamba taa hujibu pale ulipoifunga. Ukiifunga kwenye umeme, itakwambia habari za umeme. Ukitaka ikwambie habari za prosesa, ifunge mahali ambapo prosesa yenyewe inatoa neno. Hakuna rangi wala mwanga mkali utakaobadilisha hilo.

Msomaji asiye fundi anaweza kuiona taa ya aina ya pili leo hii bila kufungua chochote. Nenda kwenye mita yako ya LUKU. Kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa idadi ikifuatiwa na imp/kWh. Ikiwa imeandikwa 1000, basi taa itapepesa mara 1,000 kwa kila yuniti moja unayotumia. Zima kila kitu ndani, itatulia. Chomeka pasi, itaanza kukimbia. Taa hiyo haikufungwa kwenye laini ya umeme; imefungwa kwenye hesabu ya mita, na kwa hiyo inakupa hesabu.

Turudi mezani. Siku hizi mashine ya gemu ikifa kabisa, vijana hulitunza gamba lake, wakaweka ndani kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyobuniwa Uingereza na kuanza kuuzwa mwaka 2012, pamoja na programu ya RetroPie inayoendesha gemu za zamani. Ni kazi nzuri, na mimi huipokea kwa furaha. Lakini tazama wengi wanavyoifunga swichi. Wanakata waya wa umeme unaoingia, wanaupitisha kwenye swichi ya zamani, wamemaliza. Ukibonyeza umeme unaingia, ukibonyeza tena unakatika.

Kwa Famicom ya 1983 hilo lilikuwa sawa, kwa sababu gemu lilikaa kwenye chipu za kaseti ambazo hazifutiki umeme ukikatika. Raspberry Pi inasoma na kuandika kwenye kadi ya memori. Ukiikatia umeme katikati ya kuandika, faili linaharibika, na siku moja mashine inagoma kuwaka. Hata zamani hatari hiyo ilianza kuonekana: gemu la The Legend of Zelda la NES, lililohifadhi safari ya mchezaji kwa betri ndani ya kaseti, lilimwagiza ashikilie kitufe cha kuanza upya wakati anazima, ili kumbukumbu isivurugike. Mzigo wa kuilinda mashine ukawa wa mtoto aliyeshika kitufe. Leo tuna uwezo wa kuuondoa mzigo huo, na fundi asiyeuondoa amefanya nusu ya kazi.

Swichi inapaswa kuipelekea bodi ombi, na bodi ijizime yenyewe kwa utaratibu. Pini za Raspberry Pi ni 40, katika safu mbili. Mwanafunzi anaziandika kwenye karatasi kwanza, kwa sababu akikosea nafasi moja anaweza kuitia volti 5 pini inayostahimili volti 3.3, na bodi ikaenda. Waya mmoja wa kitufe unakwenda pini ya 5, wa pili pini ya 6 ambayo ni ethi. Kabla hajabonyeza, namwambia aweke mita kati ya hizo mbili. Anasoma 3.3, kwa sababu ndani ya bodi pini ya 5 imevutwa juu na rezista ya omu 1,800. Akibonyeza, inashuka mpaka sifuri. Mkono wangu haugusi kitu. Nataka macho yake mwenyewe yaone kwamba kubonyeza ni kuishusha pini ile kwenye ethi, na kwamba bodi inalitazama badiliko hilo tu.

Kisha anaongeza mstari mmoja kwenye faili la config.txt unaoiambia mashine kwamba pini hiyo ikishuka, ianze kujizima. Kitufe kilekile, mashine ikiwa imelala, kinaiamsha. Hapo hukutana na kizuizi ambacho hakimo kwenye daftari la shule: kitufe cha kuwashia cha NES hubaki chini ukikibonyeza, na bodi mpya inataka kitufe kinachorudi juu. Akikiacha kama kilivyo, bodi itadhani kidole hakijaondoka. Ndani ya swichi za aina hiyo kuna kijiwaya chembamba cha chuma kinachoshikilia. Ukikitoa kwa kibano taratibu, kitufe kinarudi, na sura ya nje haijaharibika. Kitufe cha kuanza upya hakina shida hiyo, tayari kinarudi chenyewe.

Taa ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi. Mguu mrefu wa LED ni chanya, mfupi ni hasi, na upande wa hasi ukingo wa taa umekatwa bapa. LED nyekundu inakula karibu volti 2. Pini inatoa 3.3. Zinabaki volti 1.3, na kwa rezista ya omu 330 mkondo unakuwa karibu miliampea 4, kiasi ambacho pini inakimudu bila jasho. Hesabu hiyo ni kanuni ya Georg Ohm ya mwaka 1827, ipo kwenye vitabu vya fizikia vya sekondari, na wanafunzi wengi wameshaijibu kwenye mtihani. Wakifika mezani wanafunga LED bila rezista kwa sababu “inawaka, fundi.” Inawaka, lakini kila ikiwaka inaichosha pini.

Mteja akitaka taa ya bluu, hesabu inabadilika. LED ya bluu inataka karibu volti 3, kwa hiyo ukiilisha kwa pini ya 3.3 kupitia rezista ileile inabaki hafifu sana. Hapo kijana anajifunza transista: pini inatoa amri ndogo, transista inafungua njia, na umeme wa kuwasha taa unatoka kwenye laini ya volti 5. LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962. Ya bluu yenye mwanga wa kufaa ilisubiri miaka thelathini zaidi, na waliofanikisha, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Namweleza kijana hayo ili ajue kwamba kitu kidogo anachokishika kwa vidole viwili kiliwashughulisha watu wenye akili maisha yao yote, na hastahili kukifunga kwa dharau.

Baada ya hapo ndipo tunaamua taa ifungwe wapi. Mwanafunzi mmoja aliifunga kwenye volti 5, akaniita kwa shangwe.

“Fundi, njoo uone, imewaka!”

“Imewaka kukwambia nini?”

“Kwamba gemu limewaka.”

Nilichomoa kadi ya memori, nikaondoa umeme, nikaurudisha. Runinga ilibaki nyeusi, taa ikawaka vilevile. Hakuhitaji maelezo. Aliihamishia pini ya 8, ambayo kwa mstari mwingine mmoja kwenye faili lile hupanda mfumo ukiwa unafanya kazi na kushuka ukishajizima salama. Sasa bila kadi taa haikuwaka. Kwa kadi iliwaka, na alipobonyeza kitufe cha kuzima ilingoja sekunde chache, faili zikafungwa, ndipo ikazimika. Taa ikizimika, unaruhusiwa kuchomoa umeme. Mtoto wa miaka saba anaweza kuifuata kanuni hiyo.

Hata hivyo taa hiyo bado haisemi kila kitu. Mfumo ukiganda ghafla, pini ya 8 inaweza kubaki juu na taa ikaendelea kuwaka. Kwa hiyo anayetaka kwenda mbele namfundisha taa inayodunda: Linux ina namna ya kuipepesa LED kama mapigo ya moyo, na mfumo ukiganda mapigo husimama. Gemu lenyewe likiganda huku mfumo ukiendelea, mapigo yataendelea pia, na hapo inabidi programu ya gemu ndiyo iwe inaipepesa taa. Kila ngazi unayopanda, taa inasogea karibu zaidi na swali ambalo mtumiaji analo kweli. Fundi aliyekomaa anajua yuko ngazi ipi, na anamwambia mteja.

Swichi nayo ina siri zake, na padi ya NES inazionyesha vizuri. Ina vitufe vinane: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Lakini waya unaobeba taarifa zake kwenda kwenye mashine ni mmoja. Chipu iitwayo 4021 inapiga picha ya vitufe vyote kwa mpigo, kisha inavitaja kimoja kimoja kwa mpangilio huo, kila mashine inapotoa ishara. Kitufe kilichobonyezwa kimeshuka kwenye ethi, ambacho hakijabonyezwa kiko juu, kanuni ileile aliyoiona kwenye mita. Kijana akishaelewa kwamba nyaya tano, mbili kati yake zikiwa za umeme tu, zinatosha vitufe vinane, anaacha kuogopa kibodi, rimoti na paneli za mashine kubwa.

Tena anajifunza kwamba chuma hudunda. Ukibonyeza kitufe mara moja, vipande viwili vya chuma vinagusana na kuachana mara kadhaa ndani ya milisekunde chache kabla ya kutulia. Kidole kinahisi mara moja, bodi inaona mara nyingi. Programu isiyolijua hilo itamfanya mchezaji aruke mara mbili, au kwenye mashine ya malipo, iandike muamala mara mbili. Dawa yake ni kungoja milisekunde kumi au ishirini kisha kuuliza tena kama kweli kitufe kiko chini. Ni mistari michache, na inatenganisha kazi ya fundi na kazi ya kubahatisha.

Nazijua hoja za wanaopinga. Ya kwanza husema siku hizi kuna bodi zilizokamilika, unachomeka nyaya zenye vichwa na gemu linacheza, kwa nini kulehemu? Nami huzitumia bodi hizo kwa wateja wenye haraka. Lakini aliyeanzia hapo, siku bodi hiyo isipopatikana dukani Kariakoo amekwama, na siku taa ikisema uongo hatajua kwa nini. Hoja ya pili inatoka kwa wazazi: gemu linapotosha watoto. Namjibu mzazi kwamba mwanawe hapa hachezi gemu, analifungua. Na kwamba kwenye mashine ya zamani ambayo tayari imekufa, kosa la mwanafunzi halimpi mtu hasara. Ukimfundishia kwenye simu ya mteja, kosa lina mwenyewe anayesubiri nje. Hoja ya tatu ni ya pesa: hakuna soko la mashine za gemu za zamani. Lipo dogo, na sitalikuza. Soko lake kubwa ni la maarifa hayohayo yakihamia kwenye pampu za maji, vidhibiti vya sola, mashine za kutotolea vifaranga, mafriza, na bajaji za umeme zinazoanza kuingia mitaani. Zote zina swichi inayoomba na taa inayojibu.

Mtaala wa amali ulianza kutumika mwaka 2024, na karakana bado zinatafuta vifaa. Mashine za gemu zilizokufa zimelala juu ya makabati na kwenye mabanda ya vyuma chakavu. Shule izikusanye. Kila wanafunzi wawili wapewe gamba moja, bodi moja ndogo, vitufe viwili, LED kadhaa, mfuko wa rezista na mita. Wachore saketi kabla ya kushika pasi ya kulehemu. Wapime kabla ya kuunganisha. Na mtihani usiishie kwenye “imewaka.” Msahihishaji aharibu kitu kimoja makusudi, achomoe kadi, akate waya wa ethi, aigandishe programu, kisha amuulize mwanafunzi taa itasema nini na kwa nini. Anayejibu kabla ya kujaribu, apewe alama zake zote.

Mafundi wenzangu wa mitaani hatuhitaji kusubiri mtaala. Tunaweza kuanza na mwanafunzi aliyekaa mbele yetu sasa hivi. Tusimkabidhi kazi ya mteja mpaka aweze kutamka kwa kila taa anayoifunga: hii inathibitisha jambo hili, na jambo lile hailithibitishi.

Nawe mteja una sehemu yako. Ukija kuchukua friza, pampu au gemu la mwanao, usiridhike kuonyeshwa taa ya kijani. Muulize fundi imefungwa wapi, na mwambie akuonyeshe itakavyofanya kitu kikiharibika. Aliyeifunga vizuri atakuonyesha papo hapo. Akishindwa, usilipe mpaka airekebishe.